Nani alishika brashi? Jibu kwa mpambaji aliyenyimwa jina

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya mekapu kwenye saluni moja hapa Kampala, upande wa Ntinda, huu ni mwaka wa pili. Juzi bosi alinituma Masaka kwenye kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa biharusi, nikaenda peke yangu. Nilimpamba biharusi tangu alfajiri, nikabaki naye hadi jioni, kila alipobadilisha nguo nikamrekebisha. Picha zilipotoka, mpiga picha alimtaja bosi tu. Bosi naye akaziposti akaandika "kazi ya mikono yangu". Sasa nimeona mtu nisiyemjua kabisa ameiweka picha ileile kwenye tangazo la darasa lake la mekapu. Nina hasira sana. Lakini rafiki yangu ananiambia sina haki ya kulalamika, kwa sababu yale macho niliyaiga kwenye video ya mpambaji mmoja wa Lagos. Je, kazi ile ni ya nani? Na nifanyeje nisipoteze kibarua?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina maswali manne ndani yake na kila moja lina jibu lake, ndiyo maana unahisi yanakuchanganya. Tuyatenganishe.

Nianze na jambo ambalo watu wa fani yetu hulipita mbio: jina linaloandikwa chini ya picha ya biharusi lina kazi gani? Wengi hulichukua kama asante, kwa hiyo anayelidai anaonekana anajidai. Sikubaliani. Fikiria msichana wa Mukono anayejiandaa kuolewa Desemba. Anaiona picha yako kwenye simu, inampendeza, anasoma jina, anapiga, anatuma malipo ya awali kwa Mobile Money. Hapo hajapokea kitu chochote cha kushika. Amenunua ahadi, kwamba mkono uliotengeneza uso ule ndio utakaobisha mlango wa kwao saa kumi na moja alfajiri. Kama jina si la mkono ule, wa kwanza kudhulumiwa ni yeye. Wewe umenyimwa sifa, lakini yeye ametoa pesa kwa kitu ambacho hatakipata. Nataka ulishike hili kabla hujaongea na bosi wako, maana litabadilisha namna utakavyoongea naye.

Sasa bosi. Kuna mambo ana haki nayo kabisa. Mteja alikuja kwa jina la saluni yake. Fandesheni, brashi na kope ulizotumia alizinunua yeye. Biharusi angevimba macho kwa sababu ya gundi ya kope, simu ingepigwa kwake, na aibu ingekuwa yake mji mzima. Kwa hiyo akiandika "kazi ya saluni yetu" amesema kweli, wala hakuhitaji ruhusa yako. Alipoandika "kazi ya mikono yangu", hapo alisema jambo ambalo halikutokea. Tofauti ni maneno machache tu, lakini msichana wa Mukono anaamua kwa maneno hayohayo.

Kuna swali ambalo barua yako haikulijibu: nani alifanya jaribio? Kama bosi alikaa na biharusi siku za nyuma, akachagua rangi, akapanga macho yaweje, kisha wewe ukaenda Masaka kuyatekeleza, basi ubunifu ni wake na utekelezaji ni wako, na wote wawili mnastahili kutajwa. Ndivyo inavyokwenda kwenye maonyesho makubwa ya mitindo. Mtu kama Pat McGrath, mpambaji maarufu wa Uingereza, hubuni uso mmoja, akauonyesha kwa modo mmoja mbele ya timu yake, kisha wasaidizi wakaurudia kwa modo wengine wote. Uso ule unabaki kuwa wa McGrath. Msaidizi husema "nilikuwa kwenye timu yake", na kusema hivyo ni heshima, maana kila mtu wa fani anajua timu ile haiingiliki kirahisi. Lakini kama jaribio halikufanyika, ukafika Masaka ukakutana na sura kwa mara ya kwanza, ukaamua mwenyewe, hapo hali ni nyingine.

Na kwa kwanjula nina msimamo mkali zaidi kuliko kwa harusi ya kanisani au ya hotelini. Uso wa kwanjula haumaliziki asubuhi. Biharusi anatoka na gomesi, lile gauni refu la heshima la Kiganda, anapiga magoti kwenye mkeka mbele ya wageni, hema limeshika joto, jasho linaanzia kwenye ukingo wa nywele na kushuka pembeni mwa pua. Anarudi ndani, anabadilisha, anatoka tena na nguo ya rangi nyingine kabisa. Lipstiki iliyokubali gomesi ya dhahabu inakataa ile ya zambarau. Ukimpaka poda juu ya jasho inaganda vipande vipande. Lazima ukandamize kwanza kwa karatasi laini, usubiri ngozi ipoe, ndipo uguse tena kwa sponji penye upungufu tu. Yote hayo huku ssenga, yaani shangazi wa biharusi, anakuhimiza na MC anaita nje. Picha ya saa kumi jioni inayopendwa na watu wote kwenye simu zao imetokana na maamuzi mengi madogo yaliyofanywa chumbani na mtu mmoja. Bosi aliyekuwa Kampala hakufanya hata moja kati ya hayo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Haya hayakuanzia Uganda. Mwaka 1954 studio moja ya Hollywood ilitoa filamu ya Creature from the Black Lagoon, yenye kiumbe wa majini nusu samaki nusu mtu. Umbo la kiumbe yule lilibuniwa na mwanamke aliyeitwa Milicent Patrick. Studio ilipanga kumzungusha miji mbalimbali kama "mrembo aliyemuumba mnyama". Mkuu wa idara ya mekapu, Bud Westmore, alikasirika, na jina la ziara likageuzwa likawa "mrembo anayeishi na mnyama". Kwenye filamu aliyeandikwa ni Westmore. Patrick hakupewa tena kazi katika idara ile, na kwa miongo mingi sifa ilibaki kwa bosi. Nimekutajia habari hii kwa sababu ya jinsi ilivyofanyika. Walibadilisha neno moja tu kwenye tangazo.

Tuje kwenye sheria, kwa kuwa najua utaambiwa na watu "nenda mahakamani". Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Inalinda kazi za sanaa zilizo asili ya mtungaji na zilizowekwa katika umbo linaloonekana. Michoro imo, picha za kamera zimo. Mekapu juu ya uso wa mtu haikutajwa kwa jina. Nje ya nchi mahakama zimegawanyika. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanamuziki Adam Ant alikuwa akijichora usoni mistari miwili mipana myekundu yenye mstari wa buluu katikati yake. Watu wake walimshitaki mchapishaji aliyeiiga kwenye mabango. Mahakama ya Rufaa ikakataa kwamba ile ni picha ya kuchorwa yenye kulindwa: rangi isiyo na kitu cha kudumu cha kuishikilia si mchoro. Marekani ikaenda upande mwingine. Mwaka 2000, katika kesi ya mekapu za onyesho la Cats, mahakama ya New York iliona kwamba mekapu zenye ubunifu, zilizowekwa kwenye nyuso za waigizaji, zinaweza kuwa na hakimiliki. Jaji wa Kampala hafungwi na hukumu yoyote kati ya hizo mbili. Ushauri wangu ni kwamba usijenge maisha yako juu ya kesi; jenga juu ya makubaliano yaliyoandikwa.

Hasa kwa kuwa sheria hiyohiyo inasema kazi aliyoifanya mtu akiwa ameajiriwa, haki zake huwa za mwajiri, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Hata ungemshawishi jaji kwamba uso ule ni kazi ya sanaa, bado bosi angeuliza: nani alikuwa anamlipa? Ila sheria hiyo pia inatenganisha haki ya kuuza na haki ya kutambuliwa. Haki ya mtungaji kutajwa kuwa ndiye mtungaji hubaki kwake hata kama haki za biashara zimekwenda kwa mwingine. Huo ndio moyo wa jambo unalolidai, ijapokuwa kwa mekapu bado hakuna anayeweza kukuhakikishia ushindi.

Sasa rafiki yako na hoja yake ya yule mpambaji wa Lagos. Amekuambia nusu ya ukweli. Sheria ya 2006 hailindi mawazo wala mbinu, na ni vizuri isilinde. Kumkata mtu mashavu kwa kivuli na mwanga, kuacha poda ikae chini ya macho mpaka ishike, hayo yalitumiwa na waigizaji wa jukwaani waliokuwa wakifanya kazi chini ya taa kali, muda mrefu kabla ya simu zetu. Ukitumia mbinu, huna deni kwa mtu, kama ambavyo mpishi hadaiwi kwa kukaanga kitunguu. Lakini kuiga mpangilio mzima wa mtu ni jambo lingine. Kama yule wa Lagos aliweka mawe madogo kwa mpangilio wake, akavuta mkia wa wanja kwa namna yake, akachanganya rangi mbili ambazo hukuwahi kuziona pamoja, na wewe ukaviweka vyote vile vile kwenye uso wa Masaka, basi andika: "nimeiga kutoka kwa fulani", na jina lake limfikie. Hutapungukiwa na chochote. Mteja atajua unafuatilia kazi za watu wazuri na unaweza kuzitekeleza kwenye ngozi nyingine, kwenye joto jingine. Wala deni lako kwa Lagos haliondoi deni la bosi kwako. Yale ni madeni mawili tofauti, usikubali mtu ayafute kwa kuyagonganisha.

Mwenye tangazo la darasa ndiye ninayemwona ametenda vibaya zaidi, na kwake usiwe mpole. Anauza mafunzo. Wasichana watalipa ada, pengine ya kuazima, wakiamini mwalimu aliyetengeneza uso ule ndiye atakayewafundisha. Ila wewe si mtu mwenye nguvu ya kwanza hapo. Mwenye nguvu ni mwenye haki ya picha, na mwenye uso. Kwa sheria yetu, picha iliyopigwa kwa kuagizwa na mtu ni ya aliyeagiza kama hakuna mkataba unaosema vingine, ingawa mpiga picha anabaki na haki ya kutajwa. Kwa hiyo ni ama maharusi ama mpiga picha, kulingana na walivyoandikiana. Instagram na Facebook hupokea malalamiko ya hakimiliki kutoka kwa mwenye haki au mwakilishi wake. Ukipeleka wewe utaambiwa picha si yako. Biharusi naye ana njia yake: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini kabla taarifa za mtu hazijatumika, na sura inayomtambulisha mtu ni taarifa zake. Kazi yako ni kupiga skrinishoti ya tangazo lote, jina la ukurasa na tarehe vionekane, unakili kiungo chake, kisha umpelekee mpiga picha. Mwandikie hivi: "Habari kaka. Nimeona picha yako ya kwanjula ya Masaka kwenye tangazo la mtu huyu. Mimi ndiye niliyempamba biharusi siku ile, na huyu si mwalimu wangu wala mwanafunzi wangu. Nakuachia ushahidi. Pia, ukipata nafasi, naomba kwenye ukurasa wako jina langu liongezwe pamoja na la saluni." Utaona ombi lako limeingia hapohapo bila kelele. Wapiga picha wengi humtaja aliyetajwa na mteja, hawana nia mbaya; siku ya sherehe hakuna aliyewaambia nani alikuwa chumbani.

Lakini kabla hujatuma, jiulize: biharusi mwenyewe alikupa idhini? Hili halimo kwenye barua yako na linanisumbua kuliko sifa. Nimewaona wapambaji wakilia kwa kunyimwa jina huku kurasa zao zimejaa nyuso za wanawake ambao hawakuulizwa. Kwa maharusi Waislamu wa Kibuli au wa Bombo, uso unaopambwa chumbani mara nyingi ni kwa macho ya wanawake wenzake na mumewe. Ukiposti picha ya kichwa wazi uliyopiga wakati mnamalizia kope, umemwingiza kwenye ugomvi wa ukoo ambao hakuuomba. Na picha za "kabla", zenye chunusi na mabaka, hazitoki bila ruhusa ya waziwazi, hata kama zinaonyesha ufundi wako kuliko zote. Ngozi yake ni siri uliyoshirikishwa kwa sababu ya kazi. Muulize kwa WhatsApp siku chache kabla, mpe nafasi ya kuchagua: uso mzima, macho tu, au hakuna picha. Jibu lake litunze. Na ukiposti, usipitishe filta inayofuta vinyweleo, kwa sababu nayo inamdanganya yule msichana wa Mukono.

Tubaki na kibarua chako. Usiandike chochote mtandaoni kuhusu bosi, wala kwenye status. Mapambano ya wapambaji hadharani huwafurahisha watazamaji na kuwatisha wateja. Mfuate katikati ya wiki, asubuhi, saluni ikiwa tulivu; Ijumaa na Jumamosi hasikii mtu. Ongea lugha mnayoongea kila siku, Luganda kama ndiyo yenu. Usianze na picha ya Masaka. Anza na hofu yake, maana anayo: mabosi wengi huficha majina ya wasaidizi kwa kuwa wameshaona msaidizi anatajwa leo, kesho anawapigia wateja walewale kwa bei ya chini. Mwambie: "Madam, najua mteja ni wa saluni. Sijampa biharusi yeyote namba yangu na sitampa. Ninaomba tu, unaponituma peke yangu, tuandike jina la saluni na chini yake jina langu. Mteja akinitaka mimi, atanipata kupitia hapa." Kisha unyamaze umsikilize.

Na ahadi hiyo itimize kweli. Ssenga akikunong'oneza kwamba ana mpwa wake anaolewa na anataka mwelewane pembeni, mpe namba ya saluni. Anayedai haki ya jina huku anapora wateja hana cha kumwambia mtu.

Akikubali, iandikeni, hata kwa ujumbe wa simu: nani anatajwa akienda peke yake, nani anatajwa mkienda wawili, picha zipi unaweza kuzitumia ukiondoka. Akikataa, usimtukane. Anza kutunza daftari la kazi zako, tarehe, mahali, na ulifanya nini hasa, uso mzima au macho tu au kurekebisha tu. Siku utakayofungua chako, ukasajili jina URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, utaweza kuonyesha kazi hizo kwa maneno ya kweli: "nikiwa mpambaji wa saluni fulani", kwa ruhusa ya biharusi na ya mwenye picha. Bosi hawezi kukunyima historia yako. Wewe pia huwezi kuifuta saluni yake kwenye historia hiyo.

Picha ya Masaka kwenye ukurasa wako, kama umeshaiposti, usiifute, hariri maelezo. Andika jina la saluni, kisha kwamba wewe ndiye uliyempamba, kisha mpiga picha, kisha yule wa Lagos uliyemwiga macho. Mwonyeshe bosi kabla hujaibadilisha. Na kuna mmoja ambaye hata barua yako haikumgusa: biharusi yule alitoka mbele ya wageni akiwa na nywele zilizotengenezwa, na kuna mtu alizitengeneza. Muulize jina lake, uliongeze.